Saizi 36 imekaa, 42 imegoma: kutafuta kosa kwenye pateni uliyopandisha

Pateni, yaani karatasi ya kukatia nguo, ya kifua cha inchi 36 umeichora mwenyewe, umeshona, gauni limemkaa mteja kama kazaliwa nalo. Wiki inayofuata umeipandisha mpaka 42 kwa mteja mwingine. Kitambaa kilekile, mshono uleule, cherehani ileile, na gauni limegoma: mgongoni linavuta, kwapani limejaa, mkono hauingii kwenye shimo lake. Hapo wengi wetu hukimbilia kufumua ubavuni, na gauni likizidi kuharibika tunasema mteja ana mwili mgumu. Mwili mgumu upo, sikatai. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye karatasi, na ukizijua dalili unaweza kuliona kabla hujafumua hata mshono mmoja.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa sare za harusi, magauni 12 ya kitenge, wanakamati wa kila umbo kuanzia 34 mpaka 44. Nilikuwa na pateni moja nzuri ya 36 na nikajiona nimeshamaliza kazi. Kwa yule wa 42 nikapiga hesabu: 42 toa 36 ni 6, gawa kwa 4 ni inchi 1 na nusu. Nikaongeza inchi 1 na nusu ubavuni, mbele na nyuma, nikakata. Kifuani lilitosha bila shida. Yule mama akajitazama kwenye kioo, akageuka, akaridhika, kisha akanyoosha mkono kuchukua simu yake mezani na mshono wa zipu mgongoni ukalia. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hili umenishonea la kusimama?"

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilikosea mahali pa kuiweka.

Nyama inaongezeka, mfupa haukui

Mtu wa kifua 36 na mtu wa kifua 42 hawapishani mifupa kwa inchi 6. Mabega yao yanapishana kidogo sana, shingo kidogo, mgongo kiasi, na sehemu kubwa ya zile inchi iko kwapani, kifuani na tumboni. Ukinenepa, kiatu chako hakipandi namba tatu. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa chini inatokana na fundi kuupa mfupa mgao wa nyama, au kuinyima nyama na kuipeleka kusikohusika.

Mgao ninaoutumia mimi kwa kila inchi 2 za kifua, yaani saizi moja, ni huu. Kipande cha robo ya mwili, yaani nusu ya mbele au nusu ya nyuma, kinaongezeka nusu inchi. Hiyo nusu inchi naigawa mara tatu: thumni ya inchi, yaani nusu ya robo, inaingia shingoni; thumni nyingine inaingia begani; robo inchi iliyobaki inakwenda chini ya kwapa. Shimo la mkono linashuka thumni mpaka robo, na urefu wa bega mpaka kiunoni unaongezeka hivyohivyo. Kiuno na hipsi vinapata nusu inchi kamili kila kipande. Mkono unapata nusu inchi mpaka robo tatu kwa upana wa juu.

Njia ya kuugawa ni yako. Wapo wanaochora mistari mitatu kwenye nakala ya pateni, mmoja ukishuka kutoka shingoni, mmoja katikati ya bega, mmoja kutoka chini ya shimo la mkono, wanakata kwa mkasi na kufungua kila mstari kwa kipimo chake. Wapo wanaosogeza pateni juu ya karatasi mpya, wakichora kipande kidogo kila wanaposogeza. Mimi nasogeza, kwa sababu vipande vilivyokatwa hupeperuka feni ikiwashwa. Matokeo ni yaleyale.

Shida hii ni ya zamani kuliko cherehani nyingi tunazotumia. Pateni za karatasi ziliwahi kuuzwa saizi moja tu, mnunuzi akajikuzie mwenyewe nyumbani, mpaka mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa Marekani, alipoanza kuuza zilizokwisha kupangwa kwa saizi. Sisi wa mtaani tunaopandisha kwa chaki na futikamba bado tuko nyuma ya mwaka huo, na hakuna ubaya, mradi tujue tunachofanya.

Kila saizi inatoka kubwa, au ndogo, kwa kiasi kilekile

Kabla ya kutafuta dalili za mahali fulani, angalia kama nguo nzima imekosea kwa kiasi kimoja. Hilo si kosa la mgao. Lina sababu chache na zote zinapimika kwa dakika tano.

Ya kwanza ni akiba ya mshono, kile kitambaa cha ziada cha kushonea, kuwekwa mara mbili. Pateni yako ya 36 tayari ina nusu inchi ya akiba, umeipandisha, halafu wakati wa kukata kitambaa, kwa mazoea, ukaongeza nusu inchi nyingine. Ubavuni kuna kingo nne. Nusu inchi mara nne ni inchi 2: umeruka saizi nzima. Ndiyo maana 38 yako inamkaa mtu wa 40. Dawa ni kuondoa akiba kwenye pateni mama, ile ya kwanza unayopandishia, kabla ya kupandisha, kupandisha pateni tupu, kisha kurudisha akiba mwishoni. Na uandike juu ya karatasi kwa maandishi makubwa: AKIBA IMO, au AKIBA HAIMO.

Ya pili ni pande mbili za futikamba, wa inchi na wa sentimita. Pateni nyingi za Ulaya zinapanda sentimita 4 kwa saizi. Ukizipandisha kwa nusu inchi kila kipande, unapanda zaidi kidogo ya sentimita 5. Saizi moja hutaona. Saizi tatu, umezidisha zaidi ya sentimita 3, na nguo inaelea.

Ya tatu ni mashine ya kuchapishia. Pateni uliyonunua kwenye intaneti ukaipeleka stesheneri ichapwe kwenye A4 huwa na mraba wa kupimia, mara nyingi wa sentimita 10 au inchi 4. Upime kwa rula, usiutazame kwa macho. Kijana wa stesheneri akiacha programu ibane ukurasa uingie kwenye karatasi, inaweza kutoka asilimia 97, na kwenye kifua cha sentimita 100 umepoteza sentimita 3. Karatasi haikuonyeshi chochote. Michoro iko sawa, vikato (zile alama ndogo za kukutanishia vipande) vinakutana, kila kitu kinapendeza.

Ya nne, kwa wanaofumua nguo ya mtumba ili watoe pateni: lebo isikudanganye. 12 ya Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani, kwa hiyo ukipandisha "kutoka 12" bila kujua 12 ya nani, umeanza safari kutoka kituo kisicho chako. Pia nguo iliyovaliwa miaka imelegea makalioni na viwikoni. Pima vipande vyenyewe, lebo itupe.

Mgongo unavuta, kwapani kumejaa kitambaa

Hili ndilo gauni la yule mama. Kila kitu kimewekwa ubavuni. Dalili zake zinakuja pamoja: mteja akipeleka mikono mbele mgongo unakaza kama ngoma, mshono wa mkono umepanda juu ya bega badala ya kukaa ukingoni mwa mfupa, shingo inabana, na chini ya kwapa kuna kitambaa cha ziada kinachojikunja kama bawa la popo. Linabana na kupwaya kwa wakati mmoja. Ukiona nguo inabana juu na kupwaya pembeni yake, jua inchi zipo ila zimeshushwa kituo cha mbele.

Uhakikishe kwenye karatasi. Tandika pateni ya 36 na ya 42 za nyuma, moja juu ya nyingine, zikutane katikati ya mgongo. Pima upana wa mgongo katikati ya shimo la mkono. Kwa saizi tatu, ya 42 inapaswa kuzidi kwa robo tatu ya inchi: thumni mbili kwa kila saizi, mara tatu. Yangu ilizidi sifuri. Mgongo mzima ulipungukiwa inchi 1 na nusu huku kila kwapa likiwa limebeba mzigo usio wake.

Kama hujakata kitambaa, rudi kwenye mgao. Kama umeshakata na kushona, usibane ubavuni. Hapo utaliua kabisa. Nilichofanya mimi ni kufumua mikono na zipu, nikakata kipande cha juu cha mgongo, nikaweka kipande kipya cha mabegani chenye upana sahihi kwa kitambaa cheusi, na mikononi nikatia ukanda mweusi ili ionekane ni mtindo. Yule mama alikuwa mwenyekiti wa kamati, basi watu wakadhani wa mwenyekiti umefanywa makusudi uwe tofauti. Sikuwasahihisha.

Bega linaanguka, shingo inaachama, kiuno kimeshuka

Hii ni kinyume chake, na mkosaji wake mkubwa ni fotokopi. Mtu anapeleka pateni ya 36 ikuzwe mpaka asilimia 117, kwa sababu 42 gawa kwa 36 ni hivyo. Kifua kinatoka sawasawa kabisa. Sasa tazama vingine. Bega la inchi 5 limekuwa karibu inchi 5 na robo tatu na kidogo, wakati lilitakiwa kuwa 5 na thumni tatu: karibu nusu inchi inaning'inia kila upande. Shingo ya 14 na nusu imekuwa karibu 17, wakati 16 ingetosha. Urefu wa bega mpaka kiuno wa inchi 16 umepita 18 na nusu, yaani mshono wa kiuno unakaa juu ya hipsi. Mashine inakuza kila kitu sawa, mfupa na nyama. Mwili hauna tabia hiyo.

Kuna mlango mwingine wa kosa hilohilo: kushusha saizi kwa kupunguza ubavuni pekee. Kutoka 40 kwenda 34 umepunguza inchi 1 na nusu kila kipande, ubavuni tu, na mtu mwembamba amebaki na bega la mtu mnene. Nguo inaanguka begani, shimo la mkono linaachama mpaka sidiria inaonekana pembeni. Mgao ni uleule, unarudi nyuma tu.

Na kama umezigawa vizuri na bado bega limekosea, hesabu umepanda saizi ngapi. Mimi sivuki mbili juu na mbili chini kutoka pateni mama. Zaidi ya hapo makosa madogo ya thumni yanajumlishana, na miili yenyewe haifuati mstari ulionyooka: kuanzia kifua cha 44 hivi mwili unajaa tumboni na mikononi kwa kasi kuliko ulivyojaa mwanzo. Nina pateni mama tatu, 34, 40 na 46, kila moja imechorwa upya kwa vipimo vya mtu halisi. Kazi ni nyingi mara moja tu.

Mkono hauingii kwenye shimo lake, au unaingia na marinda

Simamisha futikamba kwa ukingo wake, uitembeze juu ya mstari wa kushonea, si juu ya ukingo wa akiba. Pima shimo la mkono la mbele na la nyuma, jumlisha. Kisha pima kichwa cha mkono, ule upinde wa juu. Kwa gauni la kawaida kichwa kizidi shimo kwa inchi 1 hivi ili kifunike mviringo wa bega. Kwa kitenge na pamba ngumu, ambazo hazitaki kusinyaa chini ya pasi, nusu inchi mpaka robo tatu yatosha. Kwa shati la kiume karibu zilingane.

Sasa namba inayokuhusu wewe unayepandisha ni tofauti kati ya hizo mbili, na inapaswa kubaki ileile kwenye kila saizi. Kama kwenye 36 kichwa kimezidi kwa robo tatu ya inchi, kwenye 40 kizidi kwa robo tatu. Ikiwa imegeuka kuwa hasi, umepandisha mwili ukausahau mkono. Hutokea sana, kwa sababu mkono tunaukata mwishoni tukiwa tumechoka. Ikiwa imekuwa inchi 2, mkono umepanuliwa kuliko shimo, na kichwa kitatoka na marinda ambayo hukuyaagiza.

Kosa lililojificha zaidi: tofauti iko sawa, mkono umeingia vizuri, lakini mkono ukining'inia mikunjo inatoka juu ya bega kwenda chini kwa mshazari. Hapo mkono ulikatwa katikati ukafunguliwa kwa upana tu, kichwa kikabaki na kimo kilekile, kikawa bapa. Kila saizi inyanyue kilele thumni moja, kisha upime tena, maana kukinyanyua kunarefusha upinde.

Na mkono unaojisokota kuelekea mbele kama mtu anayekunja ngumi, angalia vikato. Ulivisogeza kwenye shimo ukaviacha mahali pake kwenye mkono, ama kinyume chake. Pima kutoka mshono wa kwapa mpaka kikato, pande zote mbili. Vipimo vikutane.

Pindo la mbele limepanda

Gauni limelingana ubavuni, lakini mbele pindo limeinuka inchi moja na kiunoni kuna mikunjo inayoelekea juu kifuani. Wengi wanarefusha pindo la mbele. Kitambaa kimeibiwa juu, huko chini unalipa deni lisilo lako.

Kifua kikiongezeka, matiti yanahitaji upana na pia urefu wa kupita juu yake. Dati, ule mkunjo wa kifuani unaoshonwa kwa ncha, ikibaki na upana wa saizi 36 kwenye gauni la 42, urefu huo haupo. Kila saizi panua dati kama thumni hadi robo ya inchi, na usogeze ncha yake thumni kwenda nje na thumni kwenda chini. Ncha ikibaki ilipokuwa, utaiona: kitambaa kinachomoza kama kidole mahali pasipo na kitu. Ukishapanua dati, ikunje kwenye karatasi kama itakavyoshonwa, ndipo ukate ukingo wa ubavu. Ukikata kabla ya kukunja, ubavu wa mbele utapungua.

Lakini kabla ya kugusa dati, pima mteja mara mbili: kifua cha juu, futikamba ikipita chini ya kwapa juu ya matiti, halafu kifua kamili. Pateni nyingi za kuuza zimechorwa kwa tofauti ya inchi 2. Mteja ana 42 kamili na 38 juu? Huyo ni mtu wa 40 mwenye matiti makubwa. Ukimkatia 42 nzima, bega na shingo vitampwaya hata kama ulipandisha bila kosa lolote. Mkatie 40 umfungulie kifuani. Wanawake wawili wa 42 wanaweza kuingia dukani kwako asubuhi moja, mmoja 42 yake ikiwa mgongoni, mwingine ikiwa mbele, na futikamba ikiwataja kwa namba moja.

Suruali inavuta msamba

Mikunjo inatoka msambani kwenda nje kama masharubu ya paka, na mtu akikaa kiuno cha nyuma kinashuka. Inchi za hipsi zimewekwa ubavuni peke yake. Mwili wa chini una unene wa mbele kwenda nyuma, na unene huo unapita msambani. Kwa kila inchi 2 za hipsi, ile ncha ya msamba inayotokeza iongezeke thumni mbele na robo inchi nyuma. Kinachobaki ndicho cha ubavuni. Kina cha kutoka kiunoni mpaka msambani kiongezeke thumni au robo.

Kipimo cha kuhakikisha: pitisha futikamba kwa mteja kutoka kiuno cha mbele, katikati ya miguu, mpaka kiuno cha nyuma. Pima mstari huohuo kwenye pateni, mbele na nyuma ukijumlisha. Pateni ikiwa fupi kuliko mwili, hakuna pasi itakayokuokoa. Ikizidi sana utaona dalili nyingine, kitambaa kinachoning'inia chini ya makalio kama mfuko mtupu. Goti na mguu wa chini usivipe mgao wa hipsi. Nusu inchi kwa mzunguko mzima wa goti inatosha kwa kila saizi.

Sketi ya mwamvuli kiuno kimekuwa kikubwa

Hapa kugawa kwa 4 hakufanyi kazi. Kiuno cha sketi ya duara kinatoka kwenye nusu kipenyo, na mzunguko ni nusu kipenyo mara 6.28. Kuongeza inchi 2 za kiuno unasogeza upinde thuluthi ya inchi tu. Ukisogeza nusu inchi kwa mazoea, kiuno kinakua inchi 3 na zaidi. Sketi ya vipande sita nayo ihesabu kwa vipande vyake: inchi 2 gawa kwa 6, kisha kila kingo ya kipande ipate nusu ya hapo.

Nguo za watoto zilizotoka kwenye pateni ya mkubwa

Kila mwisho wa mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Januari, naletewa mashati ya shule ya kurekebisha. Dalili ni mbili na zinajirudia.

Kwa wadogo, kichwa hakipiti. Fundi ameshusha saizi kutoka shati au fulana ya mkubwa, na shingo ikashuka kwa uwiano. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa kwa mwili wake: wa miaka 2 au 3 mzunguko wa kichwa ni karibu sentimita 50, na kifua chake kinakaribiana na hapohapo. Mtu mzima hana mwili wa namna hiyo. Kwa hiyo kwenye nguo za watoto pima kichwa, uandike, na shingo isiyo na kifungo wala zipu isiwe ndogo kuliko kichwa hata kama kanuni inasema ishuke.

Kwa wakubwa wao, shati linachomoka kwenye kaptura na mikono inaishia juu ya kifundo. Kanuni ya watu wazima inapanda upana zaidi ya urefu, kwa sababu watu wazima hawarefuki. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 anarefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na kifua kinakua chini ya nusu ya hiyo. Kwa hiyo kwa watoto geuza: anza na urefu, upana ufuate. Na pindo la chini liwe na inchi 2 au 3 za akiba zilizokunjwa. Mama yoyote mwenye watoto watatu atakuulizia hizo inchi kabla hajauliza bei.

Kuhusu namba, kanzu na abaya usizichanganye na haya. Abaya ya 54 na ya 56 hupishana urefu kwanza. Namba ni urefu kwa inchi. Nimemwona fundi aliyepandisha abaya ya 54 kwenda 58 kwa kuongeza inchi 4 za upana, urefu akauacha. Mteja alikuwa mrefu mwembamba. Alitoka amevaa hema fupi.

Kitambaa hakitoshi

Dalili hii haitokei kwenye mwili, inatokea mezani, na ndiyo inayokula faida. Kitenge kina upana wa inchi 46 hivi. Ukikikunja mara moja unabaki na 23. Gauni lililonyooka la hipsi 38: robo yake ni 9 na nusu, weka nusu inchi ya ulegevu na inchi 1 ya akiba, ni 11. Mbele 11, nyuma 11, inaingia, na inabaki inchi ya zipu. La hipsi 42: robo 10 na nusu, ulegevu na akiba, ni 12. Mbele na nyuma ni 24. Limekataa kwa inchi moja, na hiyo inchi moja inakulazimisha ukate mbele peke yake na nyuma peke yake, urefu mara mbili.

Kwa hiyo kwenye sare ya watu wengi, bei ya kitambaa haipandi kidogo kidogo kadiri saizi zinavyopanda. Inakaa palepale mpaka 38 au 40, halafu inaruka. Tandika pateni ya saizi kubwa kuliko zote mezani, kabla ya mtu yeyote kutumwa dukani kununua kitenge. Kwenye zile sare 12 nilitandika ya 36, na yadi zilizopungua zilitoka mfukoni mwangu.